Mlinzi wa Kukodi na Mlinzi wa Nyumbani

Miongoni mwa mambo yanayomsumbua mwalimu wa leo, moja halimo katika mtaala wala katika kitabu chochote cha kiada. Nalo ni ulinzi wa kompyuta yake. Mitihani imo humo, alama za wanafunzi zimo humo, barua za chama zimo humo, na aghalabu kazi ya miaka mingi imo humo pia. Sisi walimu wachache wa Kiswahili tukutanao Gikondo, katika jiji la Kigali, tuliamua kuacha kununua programu ya kukinga virusi na kuitegemea kinga iliyokuja ndani ya kompyuta yenyewe. Wenzetu kadhaa wametuuliza sababu. Twaonelea ni vyema tuieleze kwa maandishi, kwani jambo lenyewe si la mafundi peke yao, tena lina funzo kwa kila mtu mwenye kitu asichotaka kukipoteza.

Yafaa kwanza msomaji ajue tulichokuwa tukikilinda. Gikondo imo katika wilaya ya Kicukiro, mtaa uliopanda mlima juu ya bonde la maji. Kwa miongo mingi bonde hilo lilikuwa makao ya viwanda na maghala ya jiji. Malori yaliyotoka Mombasa na Dar es Salaam yalipanga foleni hapo, yakingoja kushusha mizigo katika maghala ya Magerwa, na lugha iliyowaunganisha dereva wa pwani, karani wa Kigali na mpagazi kutoka Bukavu ilikuwa Kiswahili. Kabla Kiswahili hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na hata kabla nchi haijaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lugha yetu ilikuwa ikifanya kazi Gikondo bila cheo chochote.

Katika muongo wa 2010 serikali ilianza kuvihamisha viwanda kutoka bondeni na kuvipeleka katika eneo maalumu la uchumi huko Masoro. Uamuzi huo una hekima yake, kwani bonde ni la maji, na maji hudai haki yake kila masika. Lakini viwanda vikihama watu huhama, na watu wakihama maneno yao huhama pamoja nao. Ndipo tulipoanza kuwaendea wapagazi wa zamani, madereva waliostaafu na akina mama waliowauzia chai. Tuliwasikiliza, tukawarekodi, tukakusanya majina ya mafundo ya kamba, ya namna za kupanga magunia, ya sehemu za lori, pamoja na utani wa watu waliolala foleni siku tatu. Kazi hiyo yote ilikaa katika kompyuta moja ya mkononi, nyumbani kwa mwenzetu mmoja, na nakala moja katika diski ya nje. Baadhi ya wazee waliotupa maneno hayo wamekwisha kufariki. Sauti zao haziwezi kurekodiwa mara ya pili.

Kompyuta hiyo ilikuwa na mlinzi wa kukodi. Kila mwaka tulichanga fedha, tukalipia leseni ya programu ya kukinga virusi, na kila mwaka bei ilikuwa imepanda kidogo. Mlinzi mwenyewe alikuwa na kelele. Kisanduku chekundu kilitokea katikati ya kazi kikitangaza kwamba tumo hatarini, na tulipokisoma hadi mwisho tulikuta hatari yenyewe ni kwamba leseni imebakiza siku thelathini. Siku nyingine kilitaka tununue programu ya kusafisha diski, siku nyingine ya kuficha nyendo zetu katika intaneti, siku nyingine ya kutunza nywila. Fauka ya hayo, kompyuta yetu ina kumbukumbu ndogo. Mwenzetu alikuwa akiiwasha, akaenda kuchemsha chai, akarudi na vikombe, nayo ingali ikijikokota.

Siku ya kulipa ilipokaribia tuliuliza iwapo kuna haja ya kulipa tena. Mjumbe wetu mkubwa kwa umri, aliyefundisha miaka mingi kabla ya kustaafu, alipinga.

"Walimu wenzangu," alisema, "mtu hamfukuzi mlinzi kwa sababu mwizi hajaja. Pengine mwizi hakuja kwa sababu mlinzi yupo."

Mwenzetu kijana, afundishaye masomo ya kompyuta katika shule ya sekondari, alimjibu kwa heshima: "Mzee, neno lako ni la haki. Ila nauliza kama nyumba hii haina mlinzi mwingine ambaye sisi wenyewe tumemlaza usingizi kwa kumleta huyu."

Hoja ya mzee ilikuwa nzito, wala haikufaa kujibiwa kwa mzaha. Tuliahirisha uamuzi kwa majuma mawili, tukagawana kazi ya kusoma na kuuliza. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Lakini kabla ya hayo tupitie maneno, kama ilivyo desturi yetu. Neno virusi limeingia katika lugha likiwa na sauti ya mwanzo iliyofanana na kiambishi cha wingi katika ngeli ya KI-VI. Wasemaji wakalitafutia umoja, wakapata kirusi. Neno hilo likiandikwa kwa herufi kubwa ni lugha ya Warusi, kwa hiyo mwalimu na alisahihishe kwa uangalifu. Kompyuta yenyewe ina majina matatu: wengi wetu twasema kompyuta, Wakenya wengi husema tarakilishi, na wapo wazee wa istilahi wanaolikumbuka neno ngamizi. Kwa kuipa programu taarifa na marekebisho ya karibuni, wataalamu wametupatia kitenzi kusasisha, kilichotokana na sasa. Twaliona neno hilo kuwa mojawapo ya maneno yaliyobuniwa vizuri, na msomaji atakapofika mwisho wa insha hii ataona kwa nini limebeba karibu siri yote ya ulinzi.

Sasa turudi kwenye historia. Jina la virusi lilianza kutumiwa kwa programu za kompyuta katika maandishi ya mtaalamu Fred Cohen wa Marekani mwaka 1984. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, walitunga programu iliyojulikana kwa jina la Brain, iliyosafiri kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa diski laini. Zama zile kompyuta ilitoka kiwandani bila mlinzi wa aina yoyote, kama nyumba iliyojengwa bila komeo. Biashara ya kuuza kinga ikazaliwa, na haikuwa biashara ya ulaghai. Mwezi Mei 2000 barua iliyojidai kuwa ya mapenzi ilitoka Ufilipino, ikazunguka dunia kwa siku chache na kuharibu mafaili ya watu wasiohesabika. Mwezi Novemba 2008 kirusi kiitwacho Conficker kilianza kuingia katika mamilioni ya kompyuta, na baadaye kikajifunza kusafiri kwa flashi.

Walimu wa miaka ile wanazikumbuka flashi hizo. Mwalimu alipeleka mtihani katika duka la kutoa nakala, akarudi nyumbani, akachomeka flashi, akakuta mafaili yake yote yamegeuka vijialama vya njia ya mkato visivyofunguka. Mafaili yalikuwamo, yamefichwa tu, lakini nani alijua? Kwa wakati huo kununua kinga hakukuwa anasa. Aliyemshauri mwalimu kununua alimshauri vyema.

Kilichobadilika ni nyumba yenyewe. Mwaka 2004 kampuni ya Microsoft iliwasha ngome ya mtandao katika Windows XP bila kungoja mtumiaji aiwashe. Mwaka 2006 ilitoa programu iitwayo Windows Defender, iliyopambana na programu za kipelelezi tu. Mwaka 2009 ikatoa kinga kamili ya bure, lakini mtu alilazimika kuitafuta na kuipakua. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, kinga hiyo ikawa sehemu ya kompyuta yenyewe. Kampuni ya Apple nayo ilianza kuweka kinga ya ndani katika kompyuta zake mwaka 2009.

Hapana budi tuseme ukweli: mwanzoni mlinzi huyo wa nyumbani alikuwa dhaifu. Taasisi ya AV-TEST ya mjini Magdeburg, Ujerumani, huzipima programu hizi katika mambo matatu, yaani ulinzi, wepesi, na kutomsumbua mtumiaji, kila jambo kwa alama 6. Mnamo miaka ya 2013 na 2014 alama za ulinzi za kinga ya Microsoft zilikuwa duni sana, na yeyote aliyesema wakati huo kwamba haitoshi alisema kweli. Lakini tangu yapata mwaka 2018 kinga hiyo imekuwa ikipata mara kwa mara alama kamili au karibu na kamili, bega kwa bega na programu za kulipiwa. Mtu anayeidharau leo kwa ushauri wa mwaka 2013 ni sawa na mwalimu anayemhukumu mwanafunzi wa kidato cha sita kwa alama zake za darasa la nne.

Hivyo swali la kijana wetu lilijibiwa: nyumba ilikuwa na mlinzi. Tena ni kweli alikuwa amelala, kwani Windows huizima kinga yake ya ndani mara inapoona programu nyingine imejiandikisha kufanya kazi hiyo. Jambo hilo lina sababu. Kinga mbili zikifanya kazi pamoja, kila moja huliona faili ambalo mwenzake analichunguza, zote hulishika, na kompyuta hukwama. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Ilibaki hoja ya mzee, kwamba mlinzi wa ziada hadhuru hata kama hana kazi. Hapa tulijifunza jambo ambalo hatukulitazamia. Mlinzi wa kompyuta hupewa funguo zote. Husoma kila faili, huona kila ukurasa unaofunguliwa, na hukaa mahali pa ndani kabisa pa mfumo. Kwa sababu hiyo kosa lake si kosa dogo. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma taarifa mpya yenye hitilafu kwa wateja wake, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaanguka. Ndege ziliahirishwa, hospitali na benki zikasimama, na hapakuwa na mwizi yeyote. Ni mlinzi aliyejikwaa. Mwezi Februari mwaka huohuo, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Avast italipa dola milioni 16.5, baada ya kudaiwa kwamba ilikusanya habari za nyendo za wateja katika intaneti na kuziuza, ilhali iliahidi kuwakinga wasifuatiliwe. Na mwezi Juni serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa programu za Kaspersky nchini humo kwa kuwa kampuni hiyo ni ya Urusi, na wateja wa huko wakajikuta mlinzi wao ameondolewa kwa sababu za siasa za mataifa.

Hatusemi kwamba Microsoft ni malaika. Nayo ni kampuni ya kigeni, ina maslahi yake, na hukusanya habari zake. Lakini nyumba tumekwisha kuipanga kwake. Funguo anazo tangu siku ya kwanza. Swali ni kama kuna faida ya kumpa mtu wa pili funguo zilezile. Kwa kompyuta kama yetu, tuliona faida imekuwa ndogo, na gharama imebaki palepale.

Wakazi wa Kigali wanao mfano wa jambo hili karibu nao. Katika mitaa yetu kuna irondo, yaani doria ya usiku, ambayo Mtanzania angeifananisha na sungusungu. Kaya huchanga kila mwezi, na walinzi huzunguka mtaa mzima. Mwenye duka kubwa au ghala anaweza kuajiri askari wake juu ya hapo, wala hakuna atakayemlaumu. Lakini mwenye vyumba viwili akiajiri askari wa kusimama mlangoni pake usiku kucha, na askari huyo akawa anagonga dirisha kila saa kumwambia mwenye nyumba kwamba mtaa ni wa hatari, majirani watamwuliza: unalinda nini, na unalala saa ngapi?

Mfano wa pili una uzito zaidi. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Wanyarwanda hutoka kwa umuganda. Mifereji husafishwa, kingo za barabara hufyekwa, nyufa huzibwa. Siku hiyo hakuna anayekimbiza mwizi, lakini mtaa uliosafishwa hivyo huwa na matatizo machache mwaka mzima. Microsoft nayo ina siku yake, Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambapo hutoa marekebisho ya kuziba matundu yaliyogunduliwa katika Windows. Hiyo ndiyo kusasisha. Na tuliporudi kuzichunguza habari za misiba mikubwa, tulikuta jambo lililotushangaza. Tundu alilolipitia Conficker Novemba 2008 lilikuwa limekwisha kuzibwa mwezi Oktoba kwa wale waliosasisha. Kirusi kiitwacho WannaCry, kilichoteka mafaili na kudai fidia tarehe 12 Mei 2017, kikazifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kuzikwamisha hospitali za Uingereza, kilipitia tundu ambalo dawa yake ilitolewa mwezi Machi mwaka huo. Karibu miezi miwili. Ufa ulijulikana, na udongo wa kuuziba ulikuwapo mlangoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi waliujenga kwa gharama kubwa, wakati walinzi wao wa kukodi wamesimama pale pale.

Baada ya majuma mawili tulikutana tena na kuyasoma haya mbele ya wenzetu. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Na zile sauti za marehemu, nani atadhamini?" Jibu la kweli ni kwamba hakuna mlinzi, wa kukodi wala wa nyumbani, anayeweza kudhamini. Kinga hupunguza hatari. Kinachodhamini ni nakala. Basi tulikubaliana kwamba fedha ya leseni haitarudi mifukoni. Ingenunua diski mbili za nje, na kilichobaki kingenunua karatasi za kuchapa orodha ya maneno. Kwa sharti hilo mzee aliunga mkono.

Kazi yenyewe ilichukua alasiri moja, nayo twaieleza kwa kuwa tumeulizwa. Kwanza tulinakili kila kitu katika diski ya nje, tukaichomoa. Pili tulifungua mipangilio ya kompyuta, tukaiondoa programu ya kulipia mahali pa kuondolea programu, kisha tukatumia kifaa cha bure kilichotolewa na watengenezaji wake kufagia mabaki, kwani programu za namna hii huacha mizizi. Tatu tulizima kompyuta na kuiwasha upya. Nne tulifungua sehemu ya Usalama wa Windows. Kinga ya ndani ilikuwa imeamka yenyewe. Alama za kijani zilionekana penye kinga ya virusi na penye ngome. Tano tulisasisha Windows yote, tukaagiza uchunguzi kamili wa diski, tukaiacha ifanye kazi huku sisi tukisahihisha insha za wanafunzi. Sita tulikwenda katika ukurasa wa makampuni tuliyokuwa tukilipa, tukafuta agizo la malipo ya kila mwaka, maana programu ikiondolewa katika kompyuta malipo hayaondoki yenyewe.

Tuliongeza jambo moja ambalo Windows haliwashi bila kuombwa, nalo ni kufunga mafolda muhimu yasiguswe na programu isiyojulikana. Kifungo hicho humlenga yule mtekaji wa mafaili adaiye fidia. Siku za kwanza kilizuia hata programu yetu ya kurekodi sauti, ikatubidi tuiruhusu kwa jina, lakini usumbufu huo ulikwisha mara moja. Kompyuta sasa huwaka kabla maji ya chai hayajachemka, na visanduku vyekundu vimekwisha.

Yapo mambo ambayo msomaji asiyapuuze kabla ya kutufuata. Kinga ya ndani hutegemea sana intaneti, kwani sehemu kubwa ya maarifa yake huyapata kwa kuuliza hifadhi kuu za mbali, na vipimo vimeonyesha kwamba ikikatiwa intaneti nguvu yake hupungua. Shule isiyo na intaneti, ambayo kompyuta zake hulishwa kwa flashi za kila mgeni, ina hali tofauti na yetu. Yafaa iweke utaratibu wa kuzipeleka kompyuta penye intaneti kwa zamu zikasasishwe, na pengine programu yenye nguvu zaidi nje ya mtandao itaifaa. Kadhalika ofisi yenye mamia ya kompyuta huhitaji zana za kuzisimamia zote kwa pamoja, na hilo si suala la bure.

Tahadhari ya pili yahusu kompyuta za zamani. Huduma ya Windows 10 ilikoma rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Kinga yake ya virusi Microsoft imeahidi kuendelea kuilisha hadi Oktoba 2028, na hapo ndipo penye mtego. Alama ya kijani itaendelea kuonekana, mlinzi atakuwa yuko kazini, lakini kompyuta ambayo haikuandikishwa katika mpango wa muda wa nyongeza haizibwi nyufa zake tena. Kwa kompyuta ya namna hiyo, kununua kinga ya kukodi ni kumweka askari mbele ya ukuta ulioanguka. Iwapo kompyuta yakubali Windows 11, na ihamishwe. Iwapo haikubali, zipo njia nyingine, kama mifumo huria ya Linux. Tukumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa makao ya mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, mwaka 2004. Kwa hiyo programu huria si jambo geni kwa watu wa lugha hii.

Tahadhari ya tatu ndiyo kubwa. Hakuna programu itakayomzuia mtu kutoa mwenyewe nywila yake kwa anayeiomba kwa sauti ya upole. Wengi wa wezi wa leo hawavunji mlango, hubisha hodi. Hupiga simu wakidai ni wa benki, au hutuma barua yenye nembo ya mahali pa kazi. Mgeni wa namna hiyo kinga humwona akipita, lakini hukuta mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyemkaribisha. Kuanzia mwaka 2021 Rwanda inayo sheria ya kulinda habari za watu binafsi, nayo inamgusa hata mwalimu mwenye orodha ya alama na anwani za wazazi. Ulinzi wa kompyuta umekuwa basi sehemu ya amana ya kazi yetu.

Twapenda kuwaachia wenzetu kanuni nne, fupi za kutosha kubandikwa ukutani mwa chumba cha walimu. Sasisha kila inapotakiwa, wala usiahirishe hadi kesho kutwa. Acha kinga ya ndani ifanye kazi, wala usiizime kwa sababu imekataa programu ya wizi uliyopewa na rafiki. Fikiri kabla ya kubofya. Na weka nakala tatu: moja kompyutani, moja katika diski inayochomolewa baada ya kunakili, na moja katika nyumba nyingine. Diski isipochomolewa, mtekaji wa mafaili ataikuta nayo na kuifunga pamoja na kompyuta.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari letu ni maneno ya watu wa bondeni. Diski ya tatu inakaa kwa mzee wetu, upande wa pili wa mlima, ndani ya sanduku la bati analowekea hati za shamba. Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umuganda ukiisha, mmoja wetu hupanda kwake na kompyuta kuongeza maneno mapya. Mzee huomba kwanza asikilizishwe sauti moja ya zamani, ili ahakikishe kwamba bado imo.